Tundu la kiyoyozi ukutani ni la jengo zima

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niwafikishie wamiliki wenzangu wa fleti hapa Arusha, pamoja na jirani zetu wa Moshi, jambo ambalo nililishughulikia kwa miaka 28 nikiwa fundi wa mitambo ya baridi katika hoteli za mji huu, na ambalo sasa, baada ya kustaafu, nalitazama nikiwa mwenye fleti katika jengo la ghorofa tano. Jambo lenyewe ni viyoyozi vinavyopenya ukuta. Sizungumzii zile mashine za vipande viwili ambazo mafundi huziita spliti. Nazungumzia mashine moja nzima inayokaa ndani ya tundu la ukuta chini ya dirisha, uso wake ukiwa sebuleni na mgongo wake ukiwa nje, ambayo msimu mmoja hupoza na msimu mwingine hupasha joto. Ni mashine za kawaida sana katika hoteli na fleti za Marekani, na huko kipimo cha kasha lake kimekuwa kama kanuni: upana wa inchi 42 na kimo cha inchi 16. Jengo letu liliachiwa matundu ya kipimo hicho wakati kuta zinapandishwa, mawili kwa kila fleti.

Wapo wanaouliza Arusha ina haja gani ya mashine ya kupasha joto. Anayeuliza hivyo hajalala Sekei au Sakina usiku wa Julai. Mji wetu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti chumba chenye sakafu ya vigae hakikaliki bila sweta. Halafu Januari na Februari fleti za ghorofa ya juu kabisa, ambazo zina bati juu ya dari, huwa na joto la kumtoa mtu nje. Moshi, iliyo chini kwa mita mia kadhaa, ina haja kubwa zaidi ya baridi kuliko ya joto. Kwa hiyo mashine yenye kazi mbili si anasa ya kuiga, na sina ugomvi na waliotujengea matundu hayo.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyoyatunza. Mashine ni ya mwenye fleti. Lakini tundu lenyewe, kasha la bati lililomo ndani yake na wavu unaolifunika kwa nje ni vya jengo zima, na chama cha wamiliki ndicho kinachopaswa kuvikagua, kuvitengeneza kwa fedha za pamoja na kutoa kibali kabla ya mtu yeyote kuvigusa. Sisi tumefanya kinyume chake. Kila mmoja amemwita fundi wake, kwa siku yake, kwa kadiri ya fedha yake, na ukuta mmoja umepasuliwa na watu kumi ambao hawakuwahi kuulizana.

Nitaeleza yaliyonipata. Mwezi Juni wa mwaka juzi niliona doa la unyevu juu ya dirisha la sebule yangu, ghorofa ya tatu. Mwanzoni nilidhani ni bomba. Rangi ikaanza kuvimba, plasta ikawa laini, na ndani ya wiki tatu kukawa na ukungu mweusi uliomsumbua mjukuu wangu kifuani. Nilipanda ghorofa ya nne nikabisha hodi. Mama mwenye fleti hiyo, ambaye kwa umri ni sawa na binti yangu wa kwanza, alinipokea kwa shikamoo na kiti, nikamweleza, naye akaniambia bila kuficha kitu kwamba mashine yake ya zamani ilikufa mwezi Machi na fundi aliyemletea nyingine alimaliza kazi kwa saa mbili. “Baba, aliniambia hii mpya ni nzuri kuliko ile, ila ni fupi kidogo, kwa hiyo ataziba,” alisema.

Tulivua uso wa mashine pamoja. Kasha la awali lilikuwa limeng'olewa kwa nyundo na kutupwa. Mashine mpya ilikaa juu ya vipande viwili vya mbao, ikiwa imeinamia ndani badala ya nje, na nafasi iliyobaki pembeni ilikuwa imejazwa sponji ya godoro na kupakwa simenti nyepesi kwa juu. Masika yote, mvua iliyopiga ukuta ule iliingia kwenye sponji, ikakaa humo, ikashuka taratibu ndani ya matofali hadi kwangu. Simlaumu yule mama, na hata fundi simlaumu sana, kwa sababu hakuna mtu wala karatasi iliyowaambia kwamba kile walichokigusa hakikuwa chao peke yao.

Kasha lile linaloonekana kama bati la kawaida lina kazi nyingi, na asiyezijua atalitupa kama alivyofanya yule fundi. Linabeba mashine yenye uzito wa kilo 50 hivi, ambayo bila hilo uzito wake wote unakalia ukingo wa matofali. Linafunga hewa ili vumbi, mbu na baridi visipite pembeni ya mashine. Linakusanya maji na kuyatoa nje, na ndiyo maana hufungwa likiwa limeinama kidogo kuelekea nje, kiasi cha milimita 6 tu, mwinamo ambao macho hayauoni lakini pima maji, kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, inauona. Na linawezesha mashine kuvutwa nje kama droo, kusafishwa au kubadilishwa na kurudishwa, bila kugusa hata punje ya simenti. Hii sifa ya mwisho ndiyo sababu hoteli zinazipenda mashine hizi. Katika hoteli niliyofanyia kazi muda mrefu zaidi tulikuwa na mashine mbili za akiba stoo, za kipimo kilekile. Mgeni akilalamika saa mbili usiku, tulivuta mbovu, tukasukuma nzima, na saa mbili na nusu mgeni alikuwa amelala. Mbovu ilitengenezwa kesho yake mezani, mahali penye mwanga, bila haraka. Aliyeng'oa kasha ameitupa faida hiyo yote, na mashine itakayofuata itahitaji mwashi kabla ya fundi wa baridi.

Kuhusu maji, kuna jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu wa spliti hulikosea. Mashine hizi zinapopoza, maji yanayotoka kwenye koili ya ndani, yaani mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita, hutiririka hadi trei ya nyuma, na huko feni ya nje ina pete inayoyachota na kuyarushia koili yenye moto, yakawa mvuke. Maji yale yamekusudiwa kukaa pale, na yanasaidia mashine kupoza vizuri zaidi. Fundi asiyelijua hilo hufungua, akaona maji yamesimama kwenye trei, akadhani ni hitilafu, akatoboa tundu kwa drili. Kuanzia hapo maji humwagika ndani ya kasha, kutu huanza, na mwenye fleti ya chini huanza kuona matone kwenye dirisha lake. Nimeziona trei nyingi zilizotobolewa namna hiyo, na sijaona hata moja iliyohitaji kutobolewa kwa sababu ya kupoza.

Kupasha joto ni habari nyingine, na hapa Arusha ndiyo habari kubwa. Asubuhi ya Julai, mashine inapoleta joto ndani, koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi, nayo hukamua unyevu wa ukungu unaoshuka kutoka Meru. Maji hayo hayana koili ya moto ya kurushiwa. Yanapaswa kupata njia yake rasmi, yaani kidomo cha plastiki kinachofungwa chini ya kasha na mpira mwembamba unaoshuka hadi kwenye mfereji wa jengo. Katika jengo letu hakuna hata tundu moja kati ya 40 lililofungwa mpira huo. Matokeo yake ni michirizi ya kijani kwenye kuta za upande wa mashariki, ambayo kila mwaka tunaipaka rangi mpya kwa fedha za wote huku chanzo chake tukikiacha palepale. Mpira wa kushusha maji kutoka ghorofa ya tano hadi chini hauwezi kufungwa na mtu mmoja, kwa sababu unapita mbele ya kuta za fleti nne ambazo si zake. Hiyo peke yake ingetosha kutuonyesha kwamba jambo hili ni la chama.

Nije kwenye sheria. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, ndiyo iliyotuwezesha kupata hati ya fleti moja ndani ya jengo la wengi. Inatenganisha sehemu iliyo ya mtu mmoja na maeneo yaliyo ya wote, na inawapa wamiliki chombo cha pamoja cha kuyasimamia hayo ya wote. Tulipoyasoma hayo, wengi wetu tulifikiria ngazi, tangi la maji, geti, taa za uani na maegesho. Nimepata kusoma kanuni za ndani za majengo manne ya hapa mjini, na hakuna hata moja inayotaja tundu la kiyoyozi, ingawa mawili kati ya hayo yanayo. Kanuni zinamkataza mtu kuanika nguo kwenye balkoni inayotazama barabara, lakini hazimkatazi kupanua tundu la ukuta kwa nyundo.

Marekani, ambako mashine hizi zimekaa kwenye fleti kwa miongo mingi, hati inayoanzisha jengo ndiyo huamua, na haziamui kwa namna moja: kwingine kasha huhesabiwa kuwa la mwenye fleti, kwingine la jengo. Lakini wao wana kundi la tatu ambalo ningependa tuliazime, nalo ni mali ya pamoja inayotumiwa na mmoja. Balkoni mara nyingi huingizwa humo, na kasha la ukutani pia. Mtumiaji ana haki ya kukitumia kitu hicho peke yake, lakini hawezi kukibadili umbo bila idhini, na chama kina haki ya kuingia kukikagua baada ya kumpa taarifa. Pale ambapo mgawanyo huo haukuandikwa mapema, majirani hufikishana mahakamani kwa sababu ya maji ya vikombe viwili. Ningependa mpaka wetu uandikwe hivi: kila kinachotoka kikivutwa kama droo, pamoja na uso wake na swichi zake, ni cha mwenye fleti, kila kinachobaki ukutani baada ya kuvuta, pamoja na linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya tundu, lakiri inayoziba pembeni, wavu wa nje, mpira wa maji na waya kutoka kwenye kisanduku cha saketi, ni cha jengo.

Matunzo ya kila siku hayahitaji maneno mengi. Chujio lioshwe kwa maji ya bomba kila mwezi, na wakati wa vumbi, kuanzia Septemba hadi vuli inaposhika, kila wiki mbili, kwa sababu vumbi la mji huu ni laini kama unga na hupenya popote. Hiyo ni kazi ya mwenye fleti au mpangaji wake. Wavu wa nje ni kazi ya chama, na kwa majengo yaliyo karibu na mijakaranda ni kazi ya lazima ifikapo Novemba, maana maua yakishanyauka hushikamana na koili kama karatasi iliyolowa. Mara mbili kwa mwaka mashine zote zivutwe nje: mwishoni mwa Mei kabla baridi haijaanza, na Desemba kabla ya joto. Koili isafishwe kwa brashi laini na maji ya nguvu ndogo, kamwe si kwa mashine ya kuoshea magari, ambayo hulaza mapezi ya alumini na kuziba njia ya hewa kabisa. Mashine ikiwa nje, pima maji iwekwe ndani ya kasha. Inachukua dakika moja na ingeniokolea ukuta wangu.

Suala la kubadilisha mashine ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa jengo letu limefikia umri ambao mashine za mwanzo zinakufa moja baada ya nyingine, na kila anayebadilisha anakwenda sokoni peke yake. Mwenye duka humuuliza anataka BTU ngapi, yaani nguvu ya kupoza kiasi gani, hamuulizi ukuta wake una tundu la kipimo gani. Mtu hurudi na mashine fupi, akaziba kama nilivyoeleza, au ndefu, akapanua. Kupanua ni kubaya zaidi. Juu ya kila tundu kuna linta ya zege inayobeba matofali ya juu, nayo imelala kila upande kwa sentimita chache tu. Ukikata ukuta pembeni umeiondolea linta mahali pa kulalia, na ufa utakaotokea hautaonekana kwako bali kwa jirani wa juu, pengine baada ya mwaka.

Wengine wamenunua mashine zilizotumika kutoka Marekani kwa sababu zinaingia vizuri kwenye tundu na bei yake ni nusu. Naomba wasikie hili. Umeme wa kule ni wa mizunguko 60 kwa sekunde na wetu ni wa mizunguko 50. Mota iliyoundwa kwa ajili ya 60 tu, ikiletwa huku, huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, feni yake inavuma kidogo, kompresa inapata moto, na mwenye mashine anaambiwa gesi imeisha. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha pembeni. Kama hakuna alama ya 50Hz, hiyo bei ya nusu utailipa mara mbili. Kipimo hichohicho cha kasha kina mashine zinazotengenezwa kwa ajili ya umeme kama wetu, na chama kikiagiza kumi kwa pamoja kitazipata kwa urahisi kuliko mtu mmoja anayetafuta moja.

Kuhusu ukubwa, watu hupenda kubwa. Chumba cha kawaida cha kulala katika hali ya hewa ya Arusha hutoshelezwa na BTU 9,000, na mara nyingi hata 7,000; anayefunga 12,000 atapata mashine inayowaka dakika tano na kuzima, inayopoza hewa bila kukausha unyevu, na kompresa inayochoka kwa kuwashwa mara nyingi mno. Moshi ningesema vingine kwa vyumba vinavyopigwa na jua la mchana.

Kisha kuna waya. Hita ya ndani ya mashine hizi ikiwa ya kilowati 3.5 huvuta zaidi ya ampea 15 kwenye umeme wa volti 230, ilhali soketi zetu za ukutani ni za ampea 13. Katika jengo letu nimeona plagi tatu zilizoyeyuka, moja ikiwa nyuma ya pazia. Mashine ya namna hii inataka saketi yake peke yake kutoka kwenye kisanduku, yenye waya na kikata umeme vinavyolingana nayo, vilivyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Na kwa kuwa umeme hukatika na kurudi, kinahitajika kifaa cha kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu hivi, ili shinikizo la gesi litulie kabla ya kompresa kuanza tena. Wengi tunakijua kwenye majokofu kwa jina la friji gadi, lakini kiwe cha ukubwa unaofaa.

Hita hiyo ina habari nyingine inayowagusa wote wanaolalamikia LUKU. Mashine nzuri hupasha joto kwa kugeuza mzunguko wa gesi, na kwa uniti moja ya umeme huleta ndani joto la uniti mbili hadi tatu. Hita ya waya ni msaidizi tu, kwa nchi ambazo nje huganda. Hapa kwetu nje hakugandi, na usiku wa baridi kali wa Julai huwa nyuzi 12 au 13, hali ambayo kugeuza mzunguko kunatosha kabisa. Lakini valvu ya kugeuzia inapoharibika, baadhi ya mafundi huiacha ilivyo na kuunganisha hita ya waya moja kwa moja. Mwenye fleti anapata joto, anafurahi, na kwa Sh1,000 ambazo mteja wa kawaida wa nyumbani hununulia chini ya uniti 3, hita ya kilowati 3.5 haimalizi saa nzima.

La gesi nalitaja kwa sababu ya usalama. Mashine nyingi za zamani zinatumia R-22, gesi ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake inaondolewa duniani: nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kubakiza kiasi kidogo tu cha matengenezo kuanzia 2030. Itazidi kuadimika na kupanda bei. Mashine hizi hufungwa kiwandani bila mlango wa kujazia, kwa hiyo gesi ikipungua maana yake kuna mahali panapovuja, na kujaza bila kutafuta uvujaji ni kununua gesi ya kupeperusha. R-410A, gesi nyingine ya viyoyozi, haimiminwi kwenye mashine ya R-22, maana shinikizo lake ni kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60. Hatari kubwa kuliko zote ni gesi inayowaka, ya jamii ya ile ya kupikia, kutiwa kwenye mashine ambayo haikuundwa kwa ajili yake na ambayo ndani ina hita ya waya inayokuwa nyekundu. Zipo mashine mpya zilizoundwa kwa gesi za namna hiyo, kwa kipimo maalumu na kinga zake. Kuitia kwenye mashine ya zamani, chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto, ni jambo ambalo chama chochote cha wamiliki kinapaswa kulikataza kwa maandishi leo.

Wamiliki wenzangu wawili waliniambia kwamba hoja yangu inawabebesha wasio na viyoyozi gharama za wenye navyo, kwa kuwa wapo ambao wameyaziba matundu yao kwa mbao na hawatumii mashine yoyote. Nawaheshimu, na hoja yao ina uzito. Lakini tundu lililozibwa kwa mbao ndilo linaloingiza maji kuliko yote, na hilo halihitaji mashine ili kuharibu ukuta wa jirani. Anayetaka kuishi bila kiyoyozi ana haki hiyo. Tundu lake lifunikwe na chama kwa bamba lenye mpira unaoziba, kasha likiachwa mahali pake kwa ajili ya atakayenunua fleti hiyo baadaye. Gharama ya kasha na wavu igawanywe kwa idadi ya matundu ya kila fleti, iwe yanatumika au hayatumiki, na iingizwe kwenye ada ya huduma ya kila mwezi katika mfuko wake wenyewe, usiochanganywa na mshahara wa mlinzi.

Wengine wanataka tuhamie spliti zote. Sipingi, mradi uamuzi uwe wa jengo zima na kwa siku moja. Nisichokubali ni hali ya sasa, ambapo mashine za nje zimening'inizwa kwa vyuma vya pembe juu ya njia wanayopita watoto wakienda shule, kila moja kwa urefu wake na skrubu zake, na tundu la zamani nyuma ya kochi limezibwa kwa kadibodi. Tukihama, matundu yajengwe kwa matofali na kupigwa plasta pande zote mbili, na sehemu za kuwekea mashine za nje zichaguliwe na mhandisi.

Ukuta wangu ulikauka mwezi Septemba, baada ya yule mama na mimi kuchangia kasha jipya, ambalo tulichongewa na fundi bati wa Kaloleni kwa kipimo nilichompa, likapakwa rangi ya kuzuia kutu ndani na nje kabla ya kuingizwa. Mashine yake fupi inakaa ndani ya kasha hilo kwa fremu ya bati iliyojaza pengo, na pima maji inasoma milimita 6 kuelekea nje. Kazi yote ilichukua siku mbili. Matundu mengine 39 bado hayajakaguliwa. Mkutano wa wamiliki wa jengo letu utafanyika mwezi ujao, na nimekwisha kumkabidhi katibu rasimu ya kanuni yenye mpaka nilioutaja hapo juu, ratiba ya Mei na Desemba, fomu ya kibali cha kubadilisha mashine, na ombi la kununua mashine mbili za akiba. Jengo lolote la Arusha au Moshi linalotaka nakala ya rasimu hiyo linakaribishwa kuichukua na kuirekebisha kwa hali yake, bila malipo, na niko tayari kupanda ngazi na pima maji yangu kuwaonyesha mafundi wao mahali pa kuiweka.

Fundi mstaafu wa mitambo ya baridi,
Sekei, Arusha